Siki ya Kunywa

"Kama kweli haina sumu, kunywa basi, wifi," alisema muuza sabuni.

Mama Siki hakuchelewa. Alichukua chupa yake ya kupulizia, akaifungua, akamimina kwenye glasi mpaka nusu. Siki, maji na maganda ya limau, hakuna kingine. Mwalimu mkuu wa shule ya chekechea akaweka kikombe chake mezani, akasogea mbele ya kiti ili aone vizuri. Alikuwa amekuja kuamua kama ampe Mama Siki kazi ya kusafisha madarasa, maana watoto walikuwa wanakohoa kwa klorini inayotumika pale shuleni. Klorini yenyewe ilitoka dukani kwa huyohuyo wifi mtu.

Kwenye kochi la pembeni alikaa mume wa Mama Siki. Kwa hesabu zake, yeye peke yake ndiye aliyejua kilichomo kwenye ile glasi.

Mambo yalianzia chooni. Mkewe alikuwa amerudi kutoka semina ya akina mama akiwa kama aliyeokoka upya, ila safari hii wokovu wenyewe ulikuwa wa siki. Siku hiyohiyo alizifagia dawa zote za usafi zilizokuwemo ndani, akatangaza kuwa nyumba hii haitatiwa sumu tena. Mume alitikisa kichwa tu. Yeye ni fundi wa kupaka magari rangi, na pua yake ilishakufa zamani kwa thina. Chakula kikiungua mbele yake, anajulia kwenye moshi. Kwa hiyo harufu ya siki iliyokuwa ikiwafukuza wageni haikumsumbua hata kidogo.

Kilichomsumbua ni machozi. Kulikuwa na doa moja la njano kwenye sinki la choo, doa lenye kiburi. Mkewe alilisugua kwa siki, akalisugua kwa magadi, akalisugua kwa nusu limau, likabaki linamtazama. Mwisho akaketi sakafuni akalia. Dada wa mume, yuleyule muuza sabuni, aliyekuwa amepita kusalimia kama ilivyo ada yake ya kila siku, alicheka mpaka akashika mlango asianguke. Mume aliumia sana. Alimpenda mkewe, ikabidi ukweli usubiri.

Kesho yake asubuhi, mkewe akiwa anaoga, aliona chupa ya bluu ya klorini nyuma ya mtungi wa gesi. Akajua imesahaulika. Akamimina kifuniko kimoja kwenye chupa ya mkewe, akafikiria lile doa, akaongeza cha pili. Jioni sinki lilikuwa jeupe. Mama Siki alimkumbatia, akaimba, akamwita jirani aje aone choo. Jirani akaja, akaona choo, akaenda kumwita mwenzake.

Tangu hapo, kila asubuhi vifuniko viwili. Mama Siki akapata jina na heshima, na mume akapata mke anayecheka. Ile chupa ya bluu nayo haikuisha. Kila akiitikisa, imo. Akasema moyoni kwamba viwanda vya siku hizi vinajitahidi.

Sasa heshima yote hiyo ilikuwa kwenye glasi, na glasi ilikuwa mdomoni.

"Usinywe!"

Aliruka meza kama siyo yeye mwenye goti bovu. Akaipiga ile glasi, ikaruka, ikammwagikia mwalimu mkuu mapajani. Mwalimu mkuu akalitazama gauni lake jeusi, na mume naye akalitazama, akisubiri liote madoa meupe. Kisha akakimbilia jikoni, akarudi na chupa ya bluu, akaiweka mezani mbele ya watu wote.

"Ni mimi," alisema. "Nimekuwa nikikutilia klorini kila asubuhi, tangu siku ya lile doa. Sikutaka ulie tena."

Wifi mtu akajiegemeza kochini kama mtu aliyeshiba. Hakucheka hata, hapakuwa na haja. Mwalimu mkuu akachukua mkoba wake, akauliza kwa upole viatu vyake viko wapi. Kazi ilikuwa imekwenda na maji, na jina la mkewe nyuma yake. Mume akatamani sakafu immeze, ingawa ilikuwa inang'aa kiasi cha kujiona uso.

Mama Siki hakumfokea. Aliitazama chupa, akamtazama mumewe, akairudia chupa. Kisha akaifungua, akaipeleka mdomoni, akapiga mafunda mawili.

Mwalimu mkuu alidondosha mkoba. Wifi mtu alisimama, rangi imemtoka, akitafuta maziwa kwa macho.

Mama Siki alikunja uso wote, akapumua, akajifuta midomo kwa upande wa mkono.

"Kumbe ni wewe," alimwambia mumewe. "Miezi yote hii naijaza siki chupa hii, naikuta imepungua, nami namshuku dada yako."