Unga Uliokataa Kufura

Nzilani alifunua beseni akakuta unga wa donati umelala vile vile alivyouacha asubuhi.

"Hii hamira ni feki," alinung'unika.

Baridi ya Julai hapa Ruiru ni kali, ndiyo maana yeye huweka beseni kitandani, chini ya blanketi, miguuni pa mamake mgonjwa, ili unga ufure. Joto la mama halijawahi kumwangusha.

"Mama Donati, bado?" mteja aliita mlangoni.

Aliubonyeza unga. Mkono ukateleza, ukagusa wayo wa mama, nao ulikuwa baridi kuliko unga.

Nzilani aliutoa mkono. Kisha akalivuta blanketi, akafunika beseni na miguu pamoja, akachomeka pindo chini ya godoro.

"Rudi jioni," alijibu. "Bado unafura."