Barua ya Mazoezi

Mwanafunzi mwenye umri mkubwa kuliko wote darasani alikuwa amemaliza zoezi la kuandika barua kwa kompyuta.

"Hebu nitazamie, mwalimu," alimwambia Salsabil.

Salsabil akainama. Tarehe ipo mahali pake, anwani sawa. Kisha akaliona jina la babake, na chini yake jina lake mwenyewe. Barua ya posa! Mposaji ni mwanawe mwanafunzi huyu, yule kijana anayemleta mamake hapa darasani Bofu kila alasiri, kisha husahau kuondoka.

Kidole chake chenye hina kikatua juu ya kitufe cha kufuta. Kikakaa hapo.

"Ina makosa, mwanangu?"

Salsabil akakiondoa kidole, akajiziba mdomo kwa mtandio.

"Lipo moja tu, mama. Kuza herufi. Baba hasomi maandishi madogo."