Maji ya Bi Nyamvula

"Leo mama anaoga kwangu!"

"Jana alioga kwako, Zamda, acha uroho!"

Bi Nyamvula, taulo begani, aliwatazama wake wa wanawe wakivutana mlangoni. Dawa yake ya saratani ilikuwa na madini ya platini, na akioga au akienda haja, platini iliyomtoka mwilini ilibaki kwenye chujio la maji machafu la nyumba. Kwa amri ya mji, kila nyumba sharti iinase na kuitoa, ikawe kichocheo cha kusafishia maji ya wote. Chujio likiwa tupu, nyumba inafungiwa bomba la maji.

"Mama, kwangu kuna maji moto!"

"Na kwangu sabuni ya karafuu!"

Bi Nyamvula akacheka mpaka akakohoa. Tangu aolewe hajagombewa hivi, ila asubuhi nzima hakuna aliyempa hata shikamoo.

"Wanangu," akasema, "nipelekeni nikaoge baharini, kusiko na chujio."