Kipimo cha Pili

"Saba nukta mbili," alisema Daktari Joyness. Immakulata akashika kifua. Mdogo wake, Gozbert, aliitazama tu karatasi ya majibu.

Hiyo ilikuwa sukari ya mtu aliyelala bila kula, na ilikuwa juu mno kwa anayetaka kutoa figo. Kati ya ndugu wote, Gozbert peke yake ndiye aliyelingana na kaka yao Karugendo, ambaye kwa miezi minane sasa alikuwa akisafishwa damu kwa mashine.

"Kwa hiyo nina kisukari?"

"Kipimo kimoja hakitoshi. Sukari ya asubuhi hupanda na kushuka siku hadi siku, hata kwa mtu yule yule. Rudi keshokutwa, usile kitu. Ikifika saba tena, basi ni kisukari, na figo yako hatutaichukua."

"Ikifika saba tena," Gozbert alirudia taratibu.

"Na uko tayari kwa hiari yako?"

"Yuko tayari, waitu, daktari wetu," Immakulata alijibu.

Hakumruhusu arudi Muleba. Alimweka kwake Hamugembe, akampikia ndizi kidogo na mchicha mwingi, akalifunga kabati la jikoni kwa kufuli. Gozbert akitoka kunyoosha miguu migombani, dada yuko nyuma. Akiketi, simu inaita: jumuiya inamsalia rozari, padri amemtaja kwenye misa, mke wake anamwambia watoto wanajivunia baba yao. Kila mmoja alimshukuru kama vile figo ilikwisha kutoka.

Jioni ya pili Karugendo alikuja kwa bajaji. Uso ulikuwa umevimba, na hatua tatu tu kutoka mlangoni zilimkata pumzi.

"Ukishindwa kesho, mdogo wangu, halitakuwa kosa lako."

Gozbert aliinamisha kichwa. "Silali, kaka. Naogopa."

"Kipimo hicho?"

"Hicho hicho."

Karugendo akamshika mkono mpaka bajaji ilipopiga honi.

Asubuhi, kwenye benchi la hospitali, Gozbert alikaa katikati ya dada na kaka yake. Mlango ulipofunguliwa alisimama kabla hajaitwa.

"Tano nukta nane!" Daktari alikuwa akitabasamu. "Nitawapigia simu madaktari wa upandikizaji Dodoma leo hii."

Immakulata alipiga vigelegele hadi wagonjwa wakageuka. Karugendo alimkumbatia mdogo wake. Gozbert akaanguka kwenye benchi, akalia kwa sauti.

"Mwacheni alie," Immakulata aliwaambia watu. "Ni furaha."

Alfajiri ile, chooni, mahali pekee ambapo dada yake hakumfuata, Gozbert alikuwa amebugia pakiti nzima ya glukosi aliyoificha, akalamba mpaka karatasi yake, akiomba ifike saba tena.