Picha Zilizojirudia

"Bonyeza Futa, mama," mwalimu alisema. "Flashi yako imejaa, na kazi ya mtihani haina pa kukaa."

Katika darasa la kompyuta la jioni pale Msasani, Tusekile alishika kipanya. Programu ya kutafuta picha zilizojirudia ilikuwa imepanga mbili sambamba, za ubatizo wa mwanawe. Ya pili ilikuwa na alama ya kufutwa.

"Hizo ni mapacha, toa moja!" jirani yake alicheka.

Katika picha zote mbili Tusekile ameinamisha kichwa, mtoto mikononi. Nyuma yake amesimama baba mkwe. Kwa mila yao hakuruhusiwa kumtazama mzee huyo usoni wala kuzungumza naye, na miaka yote ya ndoa alimwomba Mungu amwonyeshe kama mzee alimkubali. Mwaka jana walimzika.

Katika picha ya kwanza mzee amejikinga kwa mwavuli. Katika ya pili amenyoosha mkono wote mbele, na mwavuli uko juu ya Tusekile na mtoto. Maji yanamtiririka mzee kutoka kwenye ukingo wa kofia.

Siku ile Tusekile alidhani mvua imekatika.

"Mama, muda," mwalimu alisema kwa upole.

"Nisubiri kidogo, mwanangu."

Aliondoa ile alama, akaikuza picha hadi uso wa mzee ukajaa kioo. Macho ya Tusekile yalikimbilia chini, kwenye kipanya, kama alivyozoea. Kisha akayainua, akamtazama.