Bi Rukia na Bei ya Kompyuta

Mkataba wa simu wa Bi Rukia ulikuwa umekwisha, na safari hii hakutaka kusaini mwingine bila kupewa simu ya kioo kipana.

"Kwa kuwa wewe ni mteja wetu wa siku nyingi, laki tatu," alisema Shaweji, karani wa duka.

"Laki mbili."

"Mama, bei inapangwa na kompyuta."

"Basi iite hiyo kompyuta niongee nayo."

Foleni nzima ikacheka. Bi Rukia akachukua mkoba, akaondoka kama watu wanavyoondoka sokoni, polepole, sikio likiwa nyuma. Akasimama kukaza ukanda wa kiatu. Akajitanda upya mtandio. Karibu na mlango akaanza kuisoma kalenda ya ukutani, mwezi baada ya mwezi, na alipofika Septemba Shaweji akashindwa kuvumilia.

"Mama, rudi! Laki mbili na nusu, na kava juu yake."

Alirudi mbio kama msichana. Kabla hata hajasaini, akaijaribu simu kwa kumpigia kwa video mdogo wake, Zamda, ambaye ni kiziwi tangu utotoni. Miaka yote kwenye simu walikuwa wakiandikiana tu. Sasa uso wa Zamda ulijaza kioo, na mkono wa Bi Rukia ukaanza kuruka hewani ukimsimulia kwa ishara kiatu, kalenda, bei.

Zamda alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akatikisa kichwa, akasimamisha vidole viwili.

"Mwanangu," Bi Rukia alimwambia Shaweji, "mimi ndiye mpole wa nyumbani kwetu."

Akamgeuzia kioo, vidole vikiwa bado vimesimama.