Sauti Iliyokosa Nafasi

Sekela alikuwa na duka la kutunza sauti za marehemu mjini Tukuyu, na watu walifika pale kuzungumza na wapendwa wao. Jumatatu moja asubuhi wezi wa mtandao walizifunga sauti zote, wakadai walipwe. Sheria ilikataza kuwalipa. Chochote walichokifunga kilipaswa kufutwa siku hiyohiyo.

"Una nakala, mama?" aliuliza mkaguzi wa serikali aliyekuja kuzifuta.

"Ninazo. Za wateja wote."

Kila Ijumaa alizinakili kwenye diski isiyounganishwa na mtandao, akaifungia kabatini. Lakini Ijumaa iliyopita diski ilijaa, na mama mmoja alikuwa ameleta sauti ya mwanawe aliyezikwa wiki ile. Sekela akamwondoa Ambakisye, marehemu mumewe, ili mtoto apate nafasi. Alipanga kununua diski nyingine Jumatatu.

Mkaguzi akafuta kila kitu.

Alasiri yule mama alikuwa nyuma ya pazia, akicheka na mwanawe. Tumpe, binti wa Sekela, akanong'ona, "Mama, baba alikuwa ananiitaje vile?"

Sekela akaliita jina la bintiye, akilivuta kama marehemu alivyolivuta.

"Siyo hivyo, mama," Tumpe akasema. "Jaribu tena."